Maneno Katika Kitabu cha Wageni

Jelimo alikuwa akimwaga maji ya vyombo nyuma ya jikoni mgeni alipoingia uani bila hodi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Hakumtazama mtu yeyote, alimtazama ndovu.

Ndovu huyo alisimama mbele ya boma lao, kando ya barabara iendayo mji wa Kwanza. Baba yake Jelimo, fundi Kipkemei, alimuunda kwa vyuma vya matrekta yaliyokufa. Masikio yake yalikuwa sahani za plau, na mkonga wake ulikuwa bomba la moshi.

"Naitwa Mary Ann, mwalimu kutoka Bungoma," mgeni alisema. "Natafuta vitu vya ajabu vya kando ya barabara, kuanzia hapa mpaka Mabanga. Muhula ujao shule kumi zitaleta watoto kuviona. Katika eneo la Kitale nitachagua mahali pamoja tu. Nani anaijua hii barabara vizuri?"

"Huyu," alisema Mama Linah, akimwelekezea binti yake mwiko. "Lakini haendi bila mimi."

Mwalimu Mary Ann alifungua kitabu cha wageni kilichokuwa mezani, chini ya tumbo la ndovu. Alisoma maneno ya mwisho, akakunja uso. Jelimo aliyajua kwa moyo: *Mzigo wa vyuma vya kutu. Watoto wataumia hapa.*

Hapakuwa na jina. Lakini ile g iliyojikunja kama mkia wa nguruwe ilikuwa ya Ciru, msichana aliyekaa naye dawati moja katika shule ya bweni. Likizo ilipoanza, Ciru alikuja kwao kutembea. Alikunywa chai yao, akala viazi vyao, kisha akaandika vile. Tangu siku hiyo, wageni walisoma, wakawashika watoto wao mkono na kurudi garini.

Gari la mwalimu lilipoondoka, moyo ulimchemka Jelimo kama maji ya ugali. Alijua watafika Kiminini, kwenye nyumba ya chupa ya Mzee Thuo, babu yake Ciru. "Leo ni leo," alijiambia. "Dawa ya moto ni moto."

Mjini Kitale walimwona kinyozi aliyenyoa watu ndani ya kichwa cha lori kuukuu. Kila alipomaliza kichwa kimoja, alipiga honi.

"Ingieni, ingieni! Hapa abiria wanasafiri bila kwenda popote, bana!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Jelimo hakucheka.

Nyumba ya Mzee Thuo ilijengwa kwa chupa tupu zilizopangwa kwenye udongo kama matofali. Ndani, mwanga ulianguka sakafuni ukiwa kijani, kahawia na buluu. Upepo ulipovuma, chupa zilizotoa midomo nje zilipiga mluzi. Jelimo alijikuta ameinua mikono ili rangi zimwangukie. Akaishusha upesi, kama aliyeshikwa akilamba sukari.

"Ukuta huu naujua kwa vidole, Jelimo," Mzee Thuo alisema baada ya kumuuliza jina. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. "Hii ni ya soda. Hii ndogo ilikuwa ya dawa ya kifua ya Ciru akiwa mchanga. Sasa yeye ndiye macho yangu. Kila jioni hunisomea kitabu cha wageni. Leo ameenda sokoni. Andika chochote, mjukuu wangu."

Mwalimu na Mama Linah walikuwa nje wakipiga picha. Jelimo alishika kalamu kwa nguvu, akaandika: *Takataka za chupa. Mzee haoni hata uchafu wake. Msisimame hapa.*

"Umeandika nini?" mzee aliuliza.

"Kwamba... ni pazuri, babu."

"Asante. Ciru atanisomea tena jioni. Neno zuri halichoshi masikio."

Huko Mabanga palikuwa na kiti cha mbao kirefu kama nyumba. Mwalimu na Mama Linah walikipanda kwa ngazi, wakiitana kama watoto. Jelimo alibaki chini. Alidhani kisasi kingekuwa kitamu kama muwa, lakini kilimkwama kooni kama punje ya mahindi makavu. Alimfikiria yule mzee akitega sikio, na Ciru akifungua kitabu.

"Mwalimu!" alipaza sauti. "Tafadhali turudi kabla ya jioni. Nimefanya kitu kibaya."

Aliwaeleza yote. Mama Linah hakumgombeza. Alifungua mlango wa gari. "Ingia. Kosa halipungui kwa kuangaliwa."

Walipofika Kiminini, Ciru alikuwa tayari ameketi karibu na babu yake, kitabu mapajani, uso umemshuka.

"Mbona umenyamaza? Soma," mzee alisema.

"Guka, hapa... hapa wino umemwagika," Ciru alimjibu babu yake.

"Haujamwagika," Jelimo alisema kutoka mlangoni. "Nipe nisome mwenyewe."

Akasoma. Sauti ilimkatika kwenye neno *uchafu*, akalirudia, akamaliza. Mzee Thuo aliinamisha kichwa.

"Si wewe ndiye ulianza!" Jelimo alimgeukia Ciru, hasira ikimpanda upya. "Ati ndovu wa baba ni mzigo wa kutu!"

Ciru alianza kulia. "Wageni wote walikuwa wanasimama kwenu! Guka anakaa hapa kutwa akingoja gari, na ni nadra moja kusimama."

"Sikumtuma mtu anipiganie kwa uongo," mzee alisema polepole. "Ciru, kesho tutaenda kwa fundi Kipkemei. Utaandika jina lako kamili chini ya maneno yako, na utamwomba radhi. Nawe Jelimo, ulimlenga Ciru, ukanipiga mimi ambaye sikukugusa. Kisasi ni jiwe linalorushwa kwa macho yaliyofumbwa, hulioni linapoangukia. Lakini umerudi, na kurudi ni kugumu kuliko kwenda. Niahidi jambo dogo. Ukiulizwa juu ya nyumba hii, sema uliyoyaona, si uliyoyakasirikia."

"Naahidi, babu."

Gari lilipokaribia Kitale, Mwalimu Mary Ann alipunguza mwendo.

"Nataka kusikia kutoka kwa mtoto. Shule kumi, mahali pamoja. Ndovu au chupa?"

Jelimo alimtazama mama yake. Mama Linah alitazama mashamba ya mahindi, hakumsaidia. Jelimo alimkumbuka baba yake alivyoamka alfajiri wiki nzima kuyasugua masikio ya ndovu kwa brashi, akitafuta hiyo kutu iliyosemwa.

"Ndovu wa baba ni mzuri," alisema. "Lakini ndani ya ile nyumba nilisahau kwamba nimekasirika. Wapeleke watoto kwa Mzee Thuo."