Vichupa Kumi na Viwili

Rahila alikuwa na miaka kumi na saba. Maiti yake ililala kwenye kitanda cha zahanati nje ya Mkwaja, mikono yote miwili ina bandeji zilizolowa damu. Inspekta Najat Shehe alizifungua. Matundu manne.

"Homa ya Bonde la Ufa," alisema Zebedayo, tabibu wa zahanati. "Imekuja na mvua za El Nino. Damu haigandi. Hata tundu la sindano halizibi."

"Nani kamtoboa?"

"Mimi mara moja tu, kuchukua kipimo. Mengine mwulize mama yake. Alikwenda kwa mganga."

Mwanamkasi, mama yake Rahila, hakuficha. "Nilikwenda, nikapewa dawa ya kunywa. Hakuchanjwa! Kila asubuhi huyu daktari wa zahanati alinituma nichote maji. Nikirudi, nakuta bandeji mpya."

Hakuna aliyemwamini. Najat mwenyewe alisaini karatasi za kumpeleka rumande kwa kusababisha kifo cha mwanawe.

Wiki saba baadaye, Daktari Amour wa hospitali ya mkoa alimpigia simu.

"Majibu ya ile zahanati yamerudi. Vichupa kumi na viwili vya damu, watu kumi na wawili, vijiji vitatu. Wamesoma vinasaba vya virusi. Vinafanana herufi kwa herufi."

"Si ugonjwa ni mmoja?"

"Ni mmoja, lakini kirusi hubadilika kidogo kadiri kinavyosambaa. Muheza peke yake tumepata aina tano. Na damu zote hizi ni kundi AB. Afande, huyu ni mtu mmoja."

Najat alichukua orodha ya majina akarudi Mkwaja. Jina la tatu, mzee Badru Jumbe, alikuwa barazani akimenya muhogo.

"Shikamoo, mzee. Ulitolewa damu lini?"

"Marahaba. Damu? Ikauzwe Ulaya? Tulimfukuza yule tabibu, kijiji kizima!"

Najat alimkuta Zebedayo akifunga zahanati.

"Rahila alikuwa kundi gani la damu?"

"Sikumbuki."

"AB. Umeandika kwenye kadi yake. Ulimtoa siku ngapi?"

Tabibu aliketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Nne. Vichupa vitatu kila siku, ili tarehe zisifanane."

"Siku ya pili uliona tundu la kwanza linavuja."

"Niliona."

"Ukamtoboa tena."

"Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa wilayani, afande. Wenzangu wawili walishapewa barua. Niliambiwa nilete sampuli kumi na mbili, na watu walinikatalia. Nina watoto watano." Alifuta uso. "Yeye hakukataa. Kila nilipomwambia, alinyoosha mkono."

Kesho yake Najat alimtoa Mwanamkasi rumande Tanga, akamweleza yote, hakupunguza neno. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Alinyoosha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ni mimi," alisema Mwanamkasi. "Mimi ndiye niliyemwambia asimkatalie daktari."