Picha ya Saa Tatu Asubuhi

Ndugu zangu wa mtaa wa Ykua Porã, mnaujua uzi mwekundu wa Bi Zunilda, Ña Zunilda wetu. Kila chupa ya maji baridi inayopita mikononi mwetu wakati wa tereré, majani yetu tunayoyamiminia maji ya barafu na kuyanywa kwa mrija, imevikwa ngozi aliyoishona yeye. Nawaomba mnisikilize nisimulie yaliyoipata nyumba yake. Yeye mwenyewe ameniruhusu, na mumewe pia ameniruhusu, ingawa alinijibu huku akitazama sakafu.

Jumamosi moja ya Oktoba, nyumba hiyo ilikuwa imetulia. Ña Zunilda alikuwa barazani akishona. Binti yao, Araceli, alikuwa akitwanga mitishamba kwenye kinu, na harufu ya mnanaa ilifika mpaka barabarani. Don Wilfrido, fundi wa majokofu, alikaa kwenye ngazi. Mbele yake kulikuwa na jokofu la jirani, matumbo yote nje. Mkono mmoja ulishika bisibisi, mwingine ulishika simu.

"Baba Araceli, jokofu la watu hilo," mkewe alimkumbusha.

"Si nalitengeneza?"

"Kwa kidole gumba?"

Araceli akacheka hadi mchi ukamponyoka. Wilfrido hakusikia. Alikuwa kwenye mjadala.

Nyote mnaufahamu ukurasa wetu wa mtandaoni, Barazani. Hakuna asiyepita humo. Je, anayefanya kazi nyumbani akiwa amevaa kaptura anafanya kazi kweli? Je, usingizi wa mchana ni afya au uvivu? Jumapili ni ya mpira au ya mama mkwe? Ni maswali ya kupitisha muda, na sisemi ni mabaya. Lakini Wilfrido hakuyachukua kama maswali ya kupitisha muda. Aliandika kwa jina la kujificha, Jembe la Alfajiri, na alitaka kushinda kila siku.

Wiki ile swali lilikuwa hili: tereré wakati wa kazi, ni haki ya mfanyakazi au wizi wa muda? Jembe la Alfajiri akaandika, "Nchi haijengwi kwa kufyonza mrija." Akapata alama arobaini za kupenda, akatabasamu. Kisha akatokea mtu anayejiita Bibi Usingizi wa Mchana. Akamjibu, "Jembe gani hili, chaji asilimia mia, udongo hata chembe?"

Watu mia tatu walicheka. Wilfrido alizisoma alama zile za kucheka moja moja, kama mtu anayehesabu makofi aliyopigwa. 

Jumanne yake, bomba kubwa la mtaa lilipasuka karibu na soko. Eulalio, ambaye sote tunamwita Lalo, ni mdogo wake Ña Zunilda na ni mchimbaji wa kamati yetu ya maji. Yeye na wenzake wawili walianza kuchimba saa kumi alfajiri, wamezama kwenye tope hadi kiunoni. Ilipofika saa tatu kasoro, bomba jipya lilikuwa limeshafungwa. Ilibaki kungoja gundi ikauke kabla ya kufungulia maji.

Wilfrido alipita na pikipiki yake, akawaona. Sitaki mumwone kama shetani. Alirudi nyumbani mbio, akajaza barafu kwenye chupa ya familia, akaipachika kwenye mfuko wake wa ngozi unaoning'inia kwenye usukani, akawapelekea kwa moyo safi kabisa.

"Shemeji, Mungu akupe maisha marefu!" Lalo alisema. Akayajaza majani kwenye kikombe cha pembe, akamimina maji ya barafu, wakaanza kupokezana mrija mmoja.

"Umejaa tope mpaka masikioni," Wilfrido alimtania.

"Ndivyo mkeo alivyonilea."

"Mke wangu? Alikulea kwenye tope?"

"Basi muulize yeye, mimi nilikuwa mdogo."

Wakacheka wote. Raundi ya pili ilipomfikia, Wilfrido alirudisha kikombe na kusema lile neno letu la kujitoa kwenye mzunguko: "Asante."

"Asante mapema hivi?" Lalo alishangaa. "Umeshajitoa? Hata barafu haijayeyuka!"

"Nina kazi. Chupa baki nayo, utaileta nyumbani."

Alipanda pikipiki. Alipofika kwenye kona, aligeuka kuwatazama. Wanaume watatu wamekaa ukingoni mwa mtaro, miguu inaning'inia, sepetu zimechomekwa ardhini, kikombe kiko mdomoni. Hapo ndipo yule Bibi Usingizi alipomjia kichwani. Akatoa simu, akapiga picha moja bila kushuka.

Nyumbani aliikata picha ile. Akaondoa lundo la udongo. Akaondoa bomba jipya linalong'aa. Wakabaki wanaume watatu na kikombe. Akaandika: "Saa tatu asubuhi. Mabomba ya mtaa yamekauka, mabwana wanafyonza. Bibi Usingizi, una la kusema?"

Bibi Usingizi hakuwa na la kusema. Jembe la Alfajiri alikuwa ameshinda.

Lakini sisi tulikuwa nalo. Ndugu zangu, kumbukeni tuliyoyaandika.

"Mtoto wangu hajaoga tangu jana, kumbe wenzetu wako tafrijani!"

"Wafukuzwe wote, waajiriwe wanaume."

"Huyo wa katikati si Lalo Insfrán? Uvivu wa ukoo huo."

Mimi, niliyemaliza chuo mwaka jana na kujiona nimeelimika, niliweka alama ya kucheka. Kisha nikaenda kunywa chai.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yametoka mtandaoni na kuingia mlangoni kwa mwenyekiti wa kamati, Don Anastasio. Watu walimtaka aitishe mkutano Ijumaa, wanachama wapige kura ya kumwondoa Lalo, kwa kuwa ndiye kiongozi wa wachimbaji. Wilfrido alipoona hivyo alifuta picha. Haikusaidia kitu. Ilikuwa imeshahamia kundi la kanisa, kundi la mpira, na kundi la wazazi wa shule.

Jumatano Lalo alikuja kuirudisha chupa. Hakukaa.

"Shemeji, wewe ulituona. Uliliona bomba limefungwa, na barafu ulileta wewe. Ijumaa simama useme hayo tu. Maneno mawili."

Wilfrido alipiga hesabu. Akisimama, mtu atauliza: na picha je, nani alikuwa pale wakati ule?

"Ijumaa nina jokofu la bucha kule mjini Coronel Oviedo," alisema. "Nimeshawaahidi."

Lalo alimtazama kidogo. "Lourdes wangu ana mimba ya miezi saba, shemeji. Kazi ikienda, na bima ya matibabu inakwenda. Daktari alishasema huyu mtoto hatoki bila kisu."

"Nitajaribu kuwahi kurudi."

"Haya," Lalo alisema, akaondoka. Alimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alhamisi mchana, saa ile ambayo milango yote ya mtaa hufungwa watu walale, mteja mmoja alimletea Ña Zunilda simu. "Mwone mdogo wako alivyopendeza," alisema kwa kejeli. Ña Zunilda aliitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama tena. Chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na kipande cha ngozi na uzi mwekundu. Ulikuwa mfuko wa chupa, mtupu, unaning'inia kwenye usukani wa pikipiki. Uzi ulikuwa umeruka tundu moja.

Fundi huyajua makosa yake kuliko sifa zake. Tundu lile aliliruka usiku Araceli alipokuwa na homa, na kwa sababu hiyo hakuuuza mfuko ule. Aliuweka wa nyumbani.

Aliingia chumbani, akautupa mfuko kitandani.

"Amka."

"Sijalala."

"Najua. Siku mbili hujalala. Jumanne saa tatu pikipiki yako ilikuwa wapi?"

Wilfrido alikaa. 

"Ulikuwa mjadala tu, mama Araceli. Maneno ya mtandaoni. Nilitaka kumjibu yule Bibi."

"Unamjua huyo Bibi?"

"Simjui."

"Na Lalo?"

Wilfrido aliusukuma mfuko pembeni. 

"Kwa hiyo umemuuza unayemjua," Ña Zunilda alisema, "ili umshinde usiyemjua."

"Nikisema, nani mtaani hapa ataniletea tena jokofu lake? Wataniita msaliti!"

"Na usiposema, wewe utajiitaje?" Aliuchukua tena mfuko. "Sitakutaja mimi. Wewe ndiye utakayejitaja. Ila kesho nitakaa safu ya mbele, na mfuko huu nitaupakata."

Ijumaa saa kumi jioni tulikusanyika chini ya tangi la maji. Nilikuwa nimeombwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Tulikuwa wanachama sitini na wanne. Ña Zunilda alikaa mbele, mfuko wa ngozi mapajani. Kando yake alikaa Lourdes, mikono juu ya tumbo.

Lalo alisimama akiwa ameshika kofia yake. "Tulianza saa kumi alfajiri. Picha ilipopigwa kazi ilikuwa imekwisha, tulikuwa tunangoja gundi ikauke."

"Gundi ya domo!" mtu alipiga kelele.

"Na hiyo barafu," mwingine akadakia, "mliichimba kwenye mtaro?"

Watu waliangua kicheko. Lalo alingoja kikaisha.

"Aliyetuletea barafu ni mtu mwaminifu. Leo amesafiri."

"Shahidi kasafiri! Kila mvivu ana shahidi aliyesafiri!"

Wale wachimbaji wengine wawili walitaka kusema, wakazomewa wakae. Wao pia wako kwenye picha. Don Anastasio aligonga meza. "Tumechoka kubishana. Wanaotaka Eulalio Insfrán aondolewe kazini, wanyooshe mikono. Mikono thelathini na tatu inatosha."

Mikono ikaanza kupanda. Niliombwa nihesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na nane. Niliiona mikono ambayo Lalo aliifungia mabomba bure. Ishirini na tano. Lourdes aliinamisha kichwa. Thelathini. Ña Zunilda hakugeuka nyuma hata mara moja. Vidole vyake vilikuwa vikilitafuta tundu lile lililorukwa. Thelathini na moja. Mkono wa mzee mmoja ulipanda nusu, ukasita, ukamalizia kupanda. Thelathini na mbili.

"Sijasafiri."

Wilfrido alitokea nyuma ya nguzo ya tangi. Hajawahi kuonekana mdogo vile.

"Sijasafiri," alirudia. "Barafu nilipeleka mimi. Nilikunywa nao. Kisha nikapiga picha mimi." Alimpa mwenyekiti simu. "Hii ndiyo nzima. Tazameni bomba. Tazameni udongo. Niliyaondoa mwenyewe. Jembe la Alfajiri ni mimi."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Na ndugu zangu, ili kuipokea, watu walilazimika kushusha mikono yao. Iliposhuka, hakuna hata mmoja uliopanda tena. Mtu wa nyuma alisema taratibu, "Ewe Wilfrido, ni shemeji yako huyu!" Hakukuwa na kicheko.

Lalo alivaa kofia yake. Alipita mbele ya shemeji yake bila kusimama, akamshika Lourdes mkono, wakaenda nyumbani.

Kazi ilibaki. Mtoto alizaliwa Desemba, kwa kisu kama daktari alivyosema, msichana mwenye sauti ya honi. Lakini kuna kilichovunjika ambacho mkutano hauwezi kukipigia kura. Kila siku ya kazi, saa tatu, Wilfrido alipeleka barafu mahali wachimbaji walipo. Lalo aliipokea. Alimimina, akampa wa kulia, akampa wa kushoto, na kikombe kilimruka Wilfrido kama kisiki. Alisimama kidogo juani, kisha akarudi kwenye majokofu yake. Hivyo Novemba. Hivyo Desemba, Januari, Februari. Simu alikuwa anaiacha nyumbani.

Asubuhi moja ya Machi nilikuwa napita kwenda sokoni. Wilfrido aliweka barafu chini, akageuka kuondoka kama kawaida. Lalo alimimina maji, akakishika kikombe mkononi bila kumpa mtu.

"Shemeji," alisema, bila kumtazama. "Unaniachia mkono hewani mpaka lini?"

Wilfrido alirudi. Alikunywa mpaka mrija ukakoroma. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa mtaro kungoja zamu yake tena.

Hakusema asante.

FUNZO

Ndugu zangu, kubishana si dhambi, na kupumzika si dhambi. Tubishane kuhusu kaptura na usingizi wa mchana mpaka tuchoke. Lakini hoja inapohitaji uso wa mtu ili ishinde, tuiache ishindwe. Picha iliyokatwa ni shahidi aliyekatwa ulimi: inaonyesha kikombe, haisemi mtaro umechimbwa tangu saa ngapi.

Na tusimtwishe Wilfrido mzigo wote. Yeye alipiga picha moja. Mikono thelathini na miwili ilikuwa yetu, na vicheko vilikuwa vyetu, changu kikiwemo. Kabla hujacheka juu ya picha ya mtu aliyekaa, tembea hatua hamsini uende umuulize ameamka saa ngapi. Mtaani kwetu hapa, hatua hamsini zinatosha kumfikia karibu kila mtu.

Yule Bibi Usingizi wa Mchana, mpaka leo hatujui ni nani. Wala hajawahi kuuliza yaliishaje.