Ndoo ya Udongo wa Ziwani

Majani yalikuwa yameanguka kila mahali isipokuwa pale. Njia nzima ya kuzunguka ziwa walitembea juu ya majani mekundu na ya manjano yaliyowafika vifundoni, lakini chini ya mwerezi mmoja mkubwa karibu na maji palikuwa na tuta la udongo mweusi, safi, kana kwamba mtu amelifagia asubuhi ile. Upepo ulivuma, majani yakaanguka tena, na hata moja halikutua pale.

Mahjabeen aliliona hilo na hakulitilia maanani. Aliyelitilia maanani ni mbwa. Tangawizi, ambaye kwa kawaida hakubali kupita kisiki bila kukinusa, alikaa kitako hatua kumi kabla ya tuta na kukataa kusogea, ingawa Zahraa alimvuta kamba kwa mikono miwili.

"Hata mbwa kachoka," alisema Khatijabai, akitweta. "Sembuse mimi na miaka yangu sabini na mbili."

Khatijabai alikuwa mama mkwe wa Mahjabeen, mzaliwa wa Tanga, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Yeye hakumtaka mbwa. Nyumba ya watu wanaoswali na mbwa, wapi na wapi! Lakini Zahraa, mjukuu wake wa pekee, mwenye miaka kumi, alikuwa na kifafa, na Tangawizi alikuwa amefunzwa kukijua kifafa kabla hakijafika. Huweka kichwa magotini mwa mtoto na kulia kwa sauti nyembamba, na mtoto hupata dakika mbili tatu za kujilaza kwenye zulia kabla hajaanguka. Kabla ya mbwa huyu Zahraa aliwahi kuanguka bafuni akashonwa nyuzi tisa kichwani. Bibi aliiona damu ile ikitapakaa kwenye vigae, na tangu siku hiyo alinyamaza kuhusu mbwa.

Alinyamaza kwa sharti moja. Chombo chochote atakacholamba Tangawizi kisuguliwe kwanza kwa udongo safi, ndipo kioshwe kwa maji, kama dini inavyotaka. Na Tangawizi hakuna sufuria asiyoilamba. Udongo wa uani kwao Brampton bibi hakuuamini, maana mbwa wa majirani wote walipita pale, na ikifika Desemba ardhi inakuwa jiwe. Ndiyo maana siku ya matembezi, watu wengine walipobeba chupa za maji, Khatijabai alibeba ndoo.

"Mungu kaniwekea mwenyewe," alisema, akapiga goti zima na kuanza kuchota.

"Mama, hujaomba ruhusa," alisema Mahjabeen. Alimjua mkwewe. Kule Tanga Khatijabai hakuchimba hata shimo la mche wa mpilipili bila bismillahi na neno la kumwomba radhi mwenye mahali.

"Nimwombe nani? Majini wa Kanada hawajui Kiswahili." Alicheka mpaka akakohoa, na Zahraa akacheka naye. Bibi akamsogezea mtoto donge puani. "Nusa. Mvua tupu! Nilipokuwa na mimba ya baba yako, udongo kama huu ningeumaliza."

"Eww, Dadi! Kuula kabisa?" alisema Zahraa; Dadi ndilo jina alilomwitia bibi yake.

"Kabisa. Mtamu."

Ndoo iliwekwa besmenti, chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia. Hussain, baba yake Zahraa, alikuwa safarini Winnipeg na lori lake, kwa hiyo nyumbani walikuwa wanawake wawili, mtoto na mbwa.

Cha kwanza kilikuwa kwamba udongo haukukauka. Joto la besmenti lilikausha hata mataulo mazito kwa nusu siku, lakini udongo ulibaki umelowa, na harufu yake ikapanda ngazi mpaka jikoni, harufu ya maji yaliyosimama na mizizi. Cha pili, ndoo haikupungua. Wiki mbili Khatijabai alisugua masufuria, na kila aliposhuka aliikuta imejaa mpaka ukingoni. "Baraka," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alichota haraka, akapanda.

Halafu adhuhuri moja, Mahjabeen akiwa anakata vitunguu, alimsikia mbwa akinywa maji besmenti, kwa pupa, ulimi ukipiga maji lap lap lap. Alikuwa karibu kumwita alipohisi kitu cha moto kwenye unyayo wake. Tangawizi alikuwa amelala chini ya meza, amelalia mguu wake, macho wazi, anatetemeka.

Sauti iliyofuata ndiyo iliyomtoa jasho. Kutoka chini kulipanda kilio chembamba, kile kile cha onyo. Mahjabeen aliruka, akamkamata Zahraa, akamlaza kwenye zulia. Walingoja dakika tano, kumi. Hakuna kitu. Kesho yake kilio kilikuja mara mbili, keshokutwa mara nne, na mtoto hakuanguka hata mara moja.

"Mami, I'm okay," alisema Zahraa, amechoka kulazwa. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Mahjabeen alimwambia akanawe.

Jumatano ya wiki hiyo alirudi kutoka kazini saa tisa na kukuta sebule tupu, televisheni inawaka, mkwewe amesinzia na tasbihi mkononi, na Tangawizi amesimama juu ya ngazi za besmenti, manyoya ya mgongo yamemsimama, habweki wala hashuki. Na kutoka chini alisikia sauti ya mwanawe akizungumza taratibu, akinyamaza kama anayesikiliza, akizungumza tena, na katikati ya kunyamaza kule kulikuwa na sauti nyingine iliyojibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha Tanga, chenye kikohozi mwishoni mwa kicheko, sauti ya Khatijabai kabisa, wakati Khatijabai mwenyewe alikuwa nyuma yake kwenye kochi anakoroma. Hajui alishukaje. Alimkuta Zahraa amechuchumaa mbele ya ndoo, peke yake.

"Umefuata nini huku?"

"Dadi aliniita."

Mahjabeen aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya kifafa chenyewe. Kifafa kilikuwa na dawa na daktari, na hiki hakuwa na pa kukipeleka.

Jioni ile ile walikwenda mtaa wa Regent Park, ghorofa ya saba, kwa mzee Madatali. Alikuwa mtu wa Tanga pia, na watu wa jumuiya walimwendea kimyakimya kwa mambo wasiyoyasema msikitini. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai yake.

"Dada Khatijabai," alisema kwa sauti ya chini, "uliomba?"

Khatijabai alivuta mtandio wake. "Sikuomba, kaka. Nilifanya mzaha." Akausema ule mzaha, polepole, kama mtoto anayekiri kuvunja kitu.

"Basi mwenye mahali kakuonyesha kuwa Kiswahili anakijua." Madatali alitazama dirishani kidogo. "Mmechukua kilicho chake, na yeye kakifuata. Rudisheni. Mchana, mahali pale pale, na aliyechota aombe radhi kwa kinywa chake. Lakini nisikilizeni. Urudi wote. Palipobaki hata kidogo, atabaki hapo."

Mahjabeen hakulala. Alipiga magoti besmenti akasugua sakafu, akafuta kingo za mashine, akatia ndani ya ndoo dodoki la kuoshea masufuria na hata vumbi la mfuko wa mashine ya kufagilia. Asubuhi alimkagua Zahraa kucha moja moja, akazichokoa kwa njiti, uchafu wake akautia ndooni.

Ziwa lilikuwa limeanza kuganda ukingoni. Hakukuwa na mtu mwingine njiani. Tuta chini ya mwerezi lilikuwa wazi vile vile, na Khatijabai, goti bovu na yote, alipiga magoti kwenye baridi ile akamwaga udongo kwa mikono yake.

"Ewe mwenye mahali," alisema, na sauti yake yote ya mizaha ilikuwa imekwisha, "nilichukua bila kuomba, nikakucheka. Mimi ndiye mkosa. Mtoto hana kosa. Niwie radhi, mwachie mjukuu wangu."

Upepo ulikatika. Kisha jani moja jekundu lilidondoka kutoka mti wa jirani, likayumba, likatua katikati ya tuta. Likaja la pili. Punde tuta lote lilifunikwa kama mahali pengine popote, na wanawake wawili walikumbatiana wakilia. Mahjabeen alimshukuru Mungu kwa sauti, msituni, bila aibu.

Wakati wa kuondoka Tangawizi alikataa kiti cha nyuma cha gari. Zahraa alimwita, akampigia paja, na mbwa alirudi kinyumenyume mpaka kamba ikakaza. "Mwache," alisema Khatijabai. "Kachoka maskini. Aje mbele." Akamruhusu alale miguuni mwake, yeye ambaye miaka miwili hakuwahi kumgusa, na njia nzima mpaka Brampton mbwa alitetemeka juu ya viatu vyake.

Nyumbani besmenti ilikuwa kavu. Harufu imekwisha. Khatijabai alishuka mara tatu kuhakikisha, akapanda akitabasamu, akaweka chai ya tangawizi. Mahjabeen alimpeleka mtoto bafuni apige mswaki, akasimama nyuma yake, anamtazama tu, ana furaha.

Zahraa alitema. Povu lilikuwa jeusi.

Alitema tena, na kwenye sinki jeupe zilibaki chembe, zimelowa, na harufu ya maji yaliyosimama ikapanda.

"Zahraa. Nini hiki?"

"Udongo."

"Umekula lini?"

"Kila siku." Mtoto alishangaa kuulizwa. "Dadi alisema mtamu. Aliniita nije kula."

"Umekula kiasi gani, mwanangu?"

Zahraa aliweka mkono tumboni. Ndipo kilio kilipoanza, kile chembamba, cha onyo. Mahjabeen aligeuka haraka kumtafuta mbwa aje aweke kichwa magotini mwa mtoto. Tangawizi alikuwa mlangoni. Alikuwa kimya, mdomo umefungwa, anamtazama Zahraa, na anarudi nyuma.

Kilio kiliendelea, kikitoka pale mtoto alipoweka mkono. Mahjabeen aliutazama uso wa mwanawe kwenye kioo, na midomo ya mtoto pia ilikuwa imefungwa.