Uso Aliouona Severin

Faraja ni mtoto wa mama yangu mdogo, na kwenye harusi yake mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Jumamosi ile asubuhi tulikwenda Bigwa kwa dada Winfrida, mpambaji wa maharusi. Ukungu ulikuwa umeshaachia mlima, na uani watoto walikuwa wanafua sare za shule. Winfrida alikuwa na kovu la moto lililokunja shavu lote la kushoto. Maharusi waliipenda mikono yake. Usoni hawakumtazama.

"Shikamoo dada. Nipambe mpaka wasahau nilivyo," Faraja alisema akicheka.

"Marahaba. Kwani ulivyo kuna nini?"

"Dada, huwajui watu? Mwanaume atasema anapenda tabia, lakini macho yanatangulia. Mama mkwe aliulizia rangi yangu kabla ya jina langu."

"Nawajua." Winfrida alitabasamu upande mmoja. "Bwana harusi nani?"

"Severin, wa Kilakala."

Brashi ikasimama hewani.

Aliingia chumba cha ndani, akarudi na kikopo kisicho na nembo. Akampaka Faraja shavu la kushoto tu. Taratibu.

"Mbona ya baridi hivi?" Faraja alinong'ona.

Winfrida aliendelea kupaka. Alipomaliza, sijapata kuona bibi harusi mzuri vile.

Kanisani, kabla ya ahadi, Severin alifunua shela. Akamshika Faraja shavu. Tabasamu lake likakatika.

"Nani kamleta huyu?"

"Severin, ni mimi."

Akarudi nyuma. Mama yake akamkimbilia. Akamtazama mama yake, akaziba macho.

"Na wewe pia?"

Akageukia kwaya. Akageukia shangazi zake. Kila mwanamke aliyemtazama, alitaja jina lilelile.

"Winfrida. Winfrida. Winfrida."

Akatoka mbio. Ndoa haikufungwa.

Jumatatu mimi na Faraja tulirudi Bigwa. Winfrida alikuwa anafagia mlangoni, wala hakushtuka.

"Alikuwa mchumba wangu," alisema kabla hatujauliza. "Jiko la gesi liliponilipukia, alikuja hospitali mara moja. Alisimama mlangoni, akanitazama, akaondoka. Hata pole hakusema. Alidhani akigeuza kichwa basi, yameisha. Sasa ageuze."

"Mimi nilikukosea nini?" Faraja alikuwa analia.

"Hukunikosea, mdogo wangu. Nimekuonyesha mapema tu."

Akaendelea kufagia.

Uso wa Faraja haukupata hata kipele. Ila hadi leo, katikati ya mazungumzo, hujigusa shavu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Nikoje?"

Severin hatoki ndani. Mama yake humpitishia chakula nyuma ya pazia. Kile kiganja alichomshikia Faraja kilijaa malengelenge siku ileile, kama cha mtu aliyechovya mkono kwenye mafuta yanayochemka, na hakijapona. Anayekisafisha ni tabibu mmoja jirani yetu, Tomasi, maana nesi wa kike hasogei pale bila Severin kupiga kelele.

Juzi Tomasi alinionyesha pamba aliyofutia kidonda. Haikuwa na usaha. Haikuwa na damu.

Ilikuwa na poda. Poda laini ya bibi harusi, inametameta.

"Naifuta yote," alininong'oneza. "Asubuhi nakuta nyingine."