Rejeta ya Bibi Suyin

Wakati wa likizo ya kiangazi Yunju hakuhitaji saa ya kumwamsha. Gereji ya Mjomba Kunlin ilikuwa chini ya chumba chake, na mlango wake wa bati ulipokunjwa juu asubuhi, mtaa mzima wa mji wa Chaozhou ulijua kumekucha. Yunju alishuka, akafagia mbele ya gereji, akaenda kununua maziwa ya soya na mikate ya mvuke, kisha akaketi na Bibi Suyin kwenye viti vya plastiki. Walikula polepole huku wakitazama pikipiki zikimiminika kuelekea sokoni.

Bibi Suyin alikuwa mama yake Mjomba Kunlin. Alishona sare za shule kiwandani karibu maisha yake yote, na alipostaafu akajinunulia pikipiki kubwa. Majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Sasa yeye na wenzake watatu, wote washonaji wa kiwanda kile, walikuwa wakijiandaa kuvuka milima hadi Taitung, upande wa pili wa kisiwa chao. Walipanga kuondoka Jumamosi.

Siku moja kabla ya safari, rejeta ya pikipiki hiyo ilikuwa juu ya meza, imeshafunguliwa. Ndani ya rejeta hupita maji yanayopooza injini, na upepo hupenya katikati ya vibati vyake vyembamba na kuondoa joto. Upepo wa chumvi ulikuwa umeichakaza. Vibati vilishika ukungu mweupe kama unga, na wavu wa kuikinga pamoja na vishikizo vyake vilikuwa vimeliwa na kutu.

"Inataka kusafishwa na kupakwa rangi," Bibi alisema. "Mjomba wako ana kazi za watu. Utaiweza?"

"Naiweza, Bibi," Yunju alijibu haraka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kitu alichokitaka kama kuitwa fundi.

Bibi akamwelekeza. Vibati vioshwe kwa brashi laini na maji ya taratibu. Kutu ya wavu na vishikizo ipigwe msasa. Mdomo wa rejeta na sehemu inapoingia mipira ya maji zizibwe kwa tepu ya karatasi. Kisha rangi nyeusi ya kuhimili joto ipulizwe kwa mbali, nyepesi, iachwe ikauke, halafu ipulizwe tena nyepesi.

"Usiipake kama unapaka ukuta," Bibi alimalizia. "Vibati vikiziba, upepo utapita wapi?"

Yunju alianza vizuri. Lakini brashi ilikwenda polepole, jua likazidi kuwa kali, na binamu yake Bohan, mtoto wa mjomba, akaja na taulo begani.

"Bado tu? Wenzako wameshafika bwawani, wewe unaisugua rejeta meno."

"Tangulia. Nakuja sasa hivi."

Bohan alipoondoka, Yunju aliitazama ile mashine ya maji ya presha ambayo mjomba huoshea matope ya pikipiki. Akaiwasha, akausogeza mdomo wake karibu na rejeta. Ukungu mweupe ulitoka mara moja. Alipozima mashine, akaona upande mmoja wa vibati umelala chini, kama majani yaliyolaliwa na nyati.

Alijaribu kuvinyanyua kwa kucha, vikazidi kupinda. Basi akaweka tepu, akachukua kopo la rangi, akapuliza kwa karibu, akapuliza tena kabla haijakauka, mpaka pale palipolala pakafunikwa kabisa na weusi unaong'aa. Wavu nao akaupiga msasa juu juu na kuupaka. Kisha akakimbilia bwawani.

Mchana mjomba aliifunga rejeta kwa haraka, akaweka wavu mbele yake, akajaza maji mapya. Bibi akazunguka mtaa mara moja. Pikipiki ilikwenda bila tatizo lolote, maana mtaa ule ni tambarare na mfupi.

"Kama imetoka dukani," mjomba alisema. "Yunju, umeniibia kazi."

"Ameipaka rangi rejeta au amejipaka mwenyewe?" Bohan alicheka, akionyesha pua ya Yunju iliyobaki nyeusi hata baada ya kuogelea. Wote walicheka. Yunju naye akacheka, akaifuta pua bila kuitazama pikipiki.

Alasiri wenzake Bibi walikuja kukamilisha mipango. Bibi Yuezhu, mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliinama mbele ya pikipiki. "Suyin, nani kakupendezeshea chombo hivi?"

"Mjukuu wangu. Sikumsaidia hata kidogo."

"Basi kesho kwenye ule mlima tutapanda kwa raha. Mwaka jana jua lilituchoma mpaka injini yangu ikalia kama birika. Nilikaa kando ya barabara nusu siku, malori yananipitia puani."

Bibi Suyin akacheka. "Yangu hailii. Ina fundi wake."

Yunju alisimama mlangoni na sinia la bakuli za barafu tamu yenye maharage mekundu mikononi. Alimwona bibi yake kando ya barabara ile ya milimani, peke yake kwenye kona, malori yakimkosa kidogo tu. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Wavu ulikuwa umefunika kila kitu. Akaliweka sinia mezani.

"Bibi, usiende na pikipiki hiyo," alisema.

Wanawake wote wakamgeukia.

"Nilitumia mashine ya presha. Vibati vimelala. Nikavifunika kwa rangi nyingi ili msione. Nilitaka kuwahi bwawani."

Bibi Suyin alichuchumaa mbele ya pikipiki, akamulika tochi kati ya matundu ya wavu, akatazama kwa muda mrefu. Yunju alitamani agombezwe mapema yaishe.

"Kunlin," Bibi aliita, "leta spana. Tunafungua tena."

"Mama, nilikuwa naanza kula."

"Barafu haikuhitaji wewe. Leta spana." Kisha akamgeukia Yunju. "Na wewe lete dawa ya kutoa rangi, glavu, na kile kikopo changu cha sindano."

"Na safari?" Yunju aliuliza kwa sauti ndogo.

"Milima itakuwepo Jumapili pia," alijibu Bibi Yuezhu, akikunja mikono ya shati. "Sogea, mtoto, niketi."

Alasiri ile gereji iligeuka kuwa kiwanda cha kushona. Rangi nzito ilipotoka, rejeta ikalazwa mezani juu ya taulo, na wanawake wanne wakaizunguka na sindano zao butu, wakinyanyua kibati kimoja kimoja. Walibishana nani macho yake bado mazima. Walisimuliana habari za msimamizi wao wa zamani aliyelala kwenye marobota ya nguo akashonewa suruali yake kwenye nguo hizo. Yunju aliketi katikati yao, ulimi nje ya meno, akinyanyua vibati vyake polepole. Hata Bohan alipewa sindano, akajichoma, akaambiwa anyamaze.

Asubuhi iliyofuata Yunju aliosha rejeta kwa brashi na maji ya taratibu. Alipiga msasa wavu na vishikizo mpaka chuma kikaonekana, akaziba panapotakiwa kuzibwa, akapuliza rangi kwa mbali. Ilipokauka akapuliza tena. Katikati ya kupuliza, Bohan alipita na taulo lake, akamwangalia, akaketi kando kumshikia kadibodi ya kuzuia upepo. Rejeta ilitoka nyeusi isiyong'aa sana, na mwanga ulipita katikati ya vibati vyake vyote. Wavu waliupaka rangi nyekundu, kwa sababu Bibi alisema nyeusi imemchosha. Jioni mjomba akaifunga rejeta tena na kujaza maji.

Jumapili alfajiri, mama wanne walipanga pikipiki zao mbele ya gereji. Bibi Suyin akamrushia Yunju kofia ngumu.

"Vaa. Tunaondoka."

"Mimi? Lakini Bibi, mimi ndiye niliye..."

"Ndiyo maana. Nani atanitazamia mshale wa joto la injini nikiwa naangalia barabara?"

Basi Yunju alivuka milima akiwa amemshika bibi yake kiuno, akichungulia begani mwake. Barabara ilipanda, ikazunguka, ikapanda tena. Jua likawaka. Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukasimama katikati, na hapo ukabaki. Kila walipomaliza kona kali alipiga kelele sikioni mwa Bibi, "Uko palepale," na Bibi alijibu kwa kupiga honi.

Juu kabisa walisimama kupumzika. Upande wa mashariki bahari ilionekana, bluu mpaka mwisho wa macho. Bibi Suyin akavua kofia yake na kuuweka mkono begani mwa Yunju.

"Nilikasirika juzi, nisikufiche," alisema. "Kukosea kazi si ajabu. Mimi nimewahi kushona sare za darasa zima mikono ikaangalia nyuma. Lakini kosa ukilifunika, unampa mtu mwingine alibebe bila kujua. Ulipolisema, likawa kitu cha kurekebisha tu, na watu wa kukusaidia wakapatikana. Ndivyo fundi anavyofanya, Yunju. Anaharibu, anasema, anatengeneza."

"Nimekuelewa, Bibi."

"Vizuri. Sasa panda, Yuezhu ameshatutangulia, na akifika wa kwanza hatutasikia lingine mwezi mzima."

Yunju akaruka nyuma ya pikipiki, na wakaanza kuteremka kuelekea baharini.