Mlango wa Kushoto

Siku Idrisa alipotaka kununua mkeka ili aukate vipande viwili, Safina alikuwa amechuchumaa pembeni yake, katika soko kuu la Mtwara, akichagua ukili, ile mikanda ya ukindu iliyosukwa tayari kuungwa kuwa mkeka. Watu walikuwa wanapishana kwa mabega. Harufu ya papa mkavu ilitoka upande mmoja, ya maembe upande mwingine, na katikati yao Hawa, msusi wa mikeka kutoka Mikindani, alikuwa amemkazia macho mteja wake.

"Ukate mkeka?" Hawa aliuliza. "Una wazimu au una gari?"

"Nina gari, mama."

"Basi ni yale yale."

Safina alicheka bila kuinua uso. Alivaa dera la kijani lililofifia, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe kama kidani. Idrisa alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na miwani ya jua juu ya kichwa, ingawa chini ya turubai la soko hapakuwa na jua.

"Kaka, gari lina nini hasa?" Safina aliuliza.

"Milango imeoza kwa ndani. Nataka niifunike."

"Ukifunika kilichooza, kitaendelea kuozea huko huko."

"Dada, wewe ni daktari?"

"Fundi siti. Mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa nje, ameegeshwa kando ya mkokoteni wa viazi: gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini utadhani linachungulia uvunguni. Idrisa, ambaye alikuwa mwendesha kreni bandarini, alilinunua kwa mhandisi mmoja wa gesi aliyerudi kwao. Watoto walikuwa wamelizunguka. Safina hakulizunguka.

"Funga mlango," alisema.

Idrisa akafunga. Mlango ulilia kama kopo lenye kokoto.

Safina akaufungua tena, akaingiza vidole nyuma ya ubao wa ndani na kuuvuta kidogo. Ulikuwa umevimba na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Mvua ikinyesha, maji hushuka kando ya kioo na kupita ndani ya mlango," alisema. "Ndivyo ulivyotengenezwa. Kule chini kuna matundu ya kuyatoa. Ila kati ya chuma na ubao lazima pawe na nailoni, na yako aliichana fundi aliyebadilisha spika."

"Umejuaje kama spika zilibadilishwa?"

"Spika ni mpya. Nailoni haipo."

Idrisa akaishusha miwani machoni, akaipandisha tena.

"Unaweza kutengeneza paneli nyingine ya ndani, badala ya ubao huu?"

"Naweza. Nyumbani, Chuno. Plaiwudi nyembamba, sponji, leza nyeusi, na katikati ukili kama huu. Hutaiona kwenye gari jingine lolote."

"Basi nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Ya daktari."

*

Karakana ya Safina ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, alilolijenga marehemu baba yake. Baada ya msiba, msimamizi wa nyumba alikuwa Bwanaheri, baba yake mdogo, mkulima wa korosho wa Ziwani. Aliwapenda wote, lakini kwa masharti yake. Mwaka huo sharti lilikuwa banda.

"Msimu unakuja," alisema siku Idrisa alipoleta gari. "Nitaweka magunia humu. Gundi na vumbi la mbao si kazi ya binti aliye nyumbani. Shona sare za shule kama wenzako."

"Watu wakianza kuniletea magari hapa, utaniachia banda?" Safina aliuliza.

"Magari gani? Hili moja?"

"Hili ndilo litakalowaleta wengine. Utaniachia?"

Bwanaheri alitazama gari, akamtazama Mwasiti, mama yake Safina, aliyekuwa anachambua mchele barazani.

"Wakileta, nitakuachia," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hawataleta.

Safina aling'oa ubao wa zamani, akaulaza juu ya katoni na kuuchora. Alikata katoni kwanza, akaijaribisha mlangoni, akapunguza, akajaribisha tena. Alipoacha kupunguza ndipo alipogusa plaiwudi. Kila tundu, la kitasa, la spika, la kishikio, alilipima kwenye chuma chenyewe, kwa sababu ubao uliovimba husema uongo. Idrisa alikuja kila akitoka zamu, akawa anamshikia mbao.

"Kipenzi, pumzika kidogo."

"Usiniite kipenzi huku umekanyaga leza yangu."

"Nikiondoa mguu nikuiteje?"

"Ondoa kwanza, tuone."

Mchana alimpigia simu kutoka kazini.

"Niko juu ya kreni. Naiona Chuno yote."

"Mimi unaniona?"

"Naona mabati ya bluu."

"Basi hayo ndiyo mimi. Shusha kontena la watu taratibu."

Kazi ilikwama kwenye ukili. Msuko wa Hawa ulilalia upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Kwenye mlango wa kulia ulielekea mbele, sawasawa na mwendo wa gari. Kwenye wa kushoto ulielekea nyuma. Kuugeuza haikuwezekana, maana ukili una uso na mgongo, na mgongo umejaa vishungi vya ncha za ukindu.

"Nani atatazama?" Idrisa aliuliza.

"Mimi."

"Safina, gari lina milango miwili, na mtu ana macho mawili, lakini yote yako upande mmoja wa gari."

"Gari linakwenda mbele, mlango unarudi nyuma. Siweki."

Mwasiti aliweka ungo chini.

"Nipe ukindu," alisema.

Mwasiti alikuwa na shoto. Utotoni walimfunga mkono kwa kitambaa ili azoee wa kulia. Kula alizoea, kusuka alikataa. Lakini ukili wake ulilalia upande usio wa wenzake, haukuungana na wao kwenye mkeka mmoja, na wanunuzi waliuita ukili wa kombo. Mwishowe aliacha. Sasa alikaa barazani, ukindu mweusi na mwekundu mapajani, na vidole vyake vilianza polepole, kisha vikakumbuka. Alipomaliza, Safina aliuweka ukili wa mama yake kando ya ule wa Hawa. Ilikuwa kama mtu na kivuli chake kwenye kioo.

"Mama," Safina alisema, "huu ndio niliokuwa nautafuta."

"Ulikuwa humu humu ndani," Mwasiti alijibu, akarudi kwenye mchele wake.

Paneli zilipokaa mlangoni, na nailoni mpya nyuma yake, Idrisa alifunga mlango na hakusikia kitu ila kitasa. Akafungua, akafunga tena, akacheka peke yake.

"Nitatuma wazee," alisema.

"Kwanza nitumie wateja."

*

Wateja hawakuja. Wiki zilipita, gari jekundu likaonekana Shangani, likaonekana Mikindani, likapigwa picha, lakini hakuna tairi lililokanyaga uwanja wa Chuno. Kisha Bwanaheri alikuja na rundo la magunia matupu begani.

"Nimepita Shangani," alisema. "Gari la kijana wako linasifiwa sana. Kumbe milango imetoka Dubai."

Mwasiti alikuwa anasuka. Mkono ulisimama.

Safina alipiga simu hapo hapo, mbele yao.

"Habari ya kazi, mpenzi," alisema Idrisa.

"Nzuri. Nina swali moja. Umewaambia watu paneli zimetoka wapi?"

"Safina, nisikilize kidogo."

"Jibu kwanza, halafu nitasikiliza."

Kule bandarini king'ora kililia, kikanyamaza.

"Dubai."

"Kwa nini?"

"Asadi aliniuliza mbele za watu. Gari la spoti lile, mpenzi. Nikaona nikisema zimetengenezwa uani Chuno, na msichana, watanicheka. Halafu nikakufikiria na wewe. Wanaume wakianza kumiminika hapo nyumbani, baba yako mdogo atasema."

"Hilo la pili umelifikiria sasa hivi."

"Ndiyo," alisema.

"Ahsante kwa kusema kweli mara moja." Akakata simu.

Jumapili alasiri alivaa baibui jeusi lililonyooka, akatia bisibisi na kijiti cha kung'olea klipu kwenye mkoba, akaenda Shangani. Gari lilikuwa kwenye sehemu ya kuoshea, linang'aa. Idrisa alisimama hapo na rafiki yake Asadi, muuza simu aliyekuwa na saa kubwa kuliko kifundo cha mkono wake, na vijana wengine wenye magari yao. Safina alitoa salamu, akaitikiwa, akafungua mlango wa kushoto na kuanza kufungua skrubu ya kishikio.

"Dada, gari la watu hilo," Asadi alisema.

"Nalijua kuliko mwenyewe."

"Idrisa, huyu nani?"

Wote walimtazama Idrisa. Safina pia alimtazama, na bisibisi ikasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Idrisa alifungua mdomo, akaufumba.

Bisibisi ikaendelea. Klipu ziliachia moja baada ya nyingine, paneli ikatoka nzima, haina hata mkwaruzo. Alipomaliza na wa kulia, alimgeuzia Asadi mgongo wa paneli. Kwenye plaiwudi ulisomeka muhuri wa duka la mbao la Mtawanya.

"Dubai hiyo ina mnazi mlangoni na mbuzi wawili," Safina alisema. "Ukipita, nisalimie wenyewe." Akamgeukia Idrisa. "Malipo yako nimeyarudisha. Angalia simu."

Simu ikatetema mfukoni mwa Idrisa. Safina alikuwa ameshasimamisha bajaji, paneli mbili amezikumbatia kifuani.

*

Idrisa angeweza kufunika milango kwa kipande chochote cha leza. Mafundi hawakukosekana. Hakufunika. Aliendesha gari vile vile, chuma kitupu, waya nje, kioo kikigongagonga. Alikwenda nalo kazini, alikwenda nalo harusini Mikindani. Watu walicheka kweli, kama alivyoogopa. Kila aliyeuliza, alimjibu.

"Nilimkana fundi, fundi akachukua kazi yake. Anaitwa Safina, yuko Chuno, mabati ya bluu. Ukili wa kushoto alisuka mama yake."

Alipiga simu mara nyingi bila kupokewa. Siku moja ikapokewa.

"Sikupiga kuomba radhi," aliwahi kusema kabla hajakatiwa. "Kuna mtu ana Noah, anataka paneli. Nimwambie aje lini?"

"Kesho asubuhi."

"Safina..."

Simu ilikuwa imekatika.

Wa Noah alikuja. Baada yake alikuja Asadi mwenyewe, akasimama mlangoni akiwa ameivua saa, akauliza kwa adabu kama fundi ana nafasi. Kisha likaja Vitz la mwalimu. Siku Bwanaheri alipowasili na vibarua na toroli la magunia ya korosho, mvua ya kwanza ilikuwa imetoka kunyesha na hapakuwa na pa kupitisha toroli.

"Haya magari yaondoke," alisema.

"Ulisema wakileta, utaniachia," Safina alijibu.

"Yale yalikuwa maneno tu."

"Nilikuwepo, shemeji," Mwasiti alisema bila kuacha kusuka. "Na banda hili mume wangu alipolijenga, misumari nilimshikia mimi, kwa mkono huu huu."

Gari jekundu lilikuwa linaingia. Idrisa alishuka, suruali imelowa ubavu mzima, maana maji ya mvua yalikuwa yanapita mlangoni bila kizuizi.

"Wewe kijana wa Dubai," Bwanaheri alisema.

"Ni mimi, mzee. Nilisema uongo. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee alimpima juu hadi chini. "Unamtaka huyu?"

"Namtaka."

"Basi tusizungushane. Mwambie aache gundi hii, posa yako naipokea hata kesho."

Safina alikuwa ameshika mkasi. Asadi, aliyekuja kuangalia siti zake, alijifanya anasoma simu.

"Siwezi, mzee," Idrisa alisema.

"Huwezi kumwambia mwanamke neno moja?"

"Nilishawahi kumficha mara moja. Nikalowa, na nilistahili. Sirudii."

"Basi usilete wazee wako kwangu."

"Nitawaleta, mzee, kwa sababu wewe ndiye baba. Ila watakuja kumposa fundi. Ukikataa, watakuja tena."

Bwanaheri alitazama magari, akamtazama shemeji yake, akatazama toroli lake. Akawaambia vibarua waligeuze.

Safina aliingia bandani, akatoka na paneli mbili zilizofungwa kwenye khanga, zimefutwa vumbi.

"Weka mwenyewe," alisema. "Hapa hapa, watu wakiona."

Idrisa alipiga magoti kwenye tope. Alianza na klipu ya juu.

"Ya chini kwanza," Safina alisema. "Na usipige. Bonyeza."

"Nimebonyeza, kipenzi."

"Bado hujafika kwenye kipenzi. Uko kwenye klipu."

Mwasiti alimpa bisibisi kwa mkono wa kushoto, mkono usiopaswa kumpa mtu kitu. Idrisa alinyoosha wake wa kushoto, akaipokea. "Ahsante, mama." Mwasiti akageuka upande ili tabasamu lake lisionekane.

"Funga mlango," Safina alisema.

Idrisa akafunga wa kulia. Kitasa tu.

"Na wa mama."

Akazunguka, akafunga wa kushoto. Safina aliinamisha kichwa na kusikiliza. Hakuna kilicholia.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa, baada ya Alasiri."

"Na wakiulizwa wanamposa nani?"

"Umeshajua jibu."

"Fundi," alisema Idrisa.

"Sema kwa sauti," Safina alimwambia. "Baba mdogo hajafika mbali."