Chano cha Bi Umi

Chupa moja ilikuwa kavu. Kizibo kilikuwa kimekazwa vilevile na jina la mgonjwa lilisomeka vizuri, lakini damu ambayo Elsie aliivuta asubuhi ile haikuwamo. Jua la Voi lilikuwa utosini, na chumba kilinuka udi ambao hakuna aliyeufukiza.

Elsie alikuwa nesi kutoka Bura, mjamzito baada ya mimba mbili kuharibika, na hii ya tatu aliilinda kama yai. Mwaka ule wa 1974 chuo kimoja cha udaktari kilimwajiri katika utafiti wa upungufu wa damu kwa wajawazito, kikakodi vyumba nyumbani kwa Bi Umi, mjane wa Kiswahili aliyekuwa amekwenda Mombasa. Kibao cha kupangia chupa kilipovunjika, Elsie aliingia stoo ya mwenye nyumba, akatoa chano cha mbao, akapanga chupa za damu juu yake na kuzifunika kwa kitambaa cheupe. Mtu asimwone mwizi. Alikuwa akizuia nzi tu.

Kufika Ijumaa chupa kavu zilikuwa nyingi. Daktari Danson, mtu wa tai na dharau, hakutaka kusikia habari za harufu.

"Umezimwaga," alisema. "Landrova ya kupeleka damu Nairobi inaondoka saa tisa. Chupa zikipungua, utafute kazi kwingine."

Elsie aliogopa kurudi Bura na tumbo na mikono mitupu. Daktari alipokwenda kula, alijifunga mpira mkononi, akajichoma sindano, akajaza zile chupa kwa damu yake mwenyewe. Alipoiweka ya mwisho, kitambaa kiliinuka na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, harufu ya udi ikachanganyika na harufu ya damu iliyovunda, na mlio wa kunyonya, ule wa mtoto aliyeshika titi baada ya kulia sana, ukatoka kwenye chano, ukashuka sakafuni, ukavuka chumba ukimjia polepole huku yeye amebana ukutani, mpaka ukakoma karibu na magoti yake, na mtoto aliyekuwa akicheza tumboni tangu asubuhi akatulia tuli.

Bi Umi alirudi jioni ile, Landrova ikiwa imekwisha ondoka. Alikomea mlangoni.

"Ni nani aliyekitoa chano changu?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa naweka damu, nzi wasiingie."

"Marehemu mume wangu alikuwa na jini wa ukoo. Kila mwaka hupewa damu ya mbuzi juu ya chano hiki, imefunikwa kwa kitambaa cheupe." Alishusha sauti. "Damu ilikuwa ya nani?"

"Ya wagonjwa."

"Yote?"

Elsie aliufunika mkono wake.

"Ya wagonjwa aliila akanyamaza, maana wao hawakumkusudia. Wewe umempa yako kwa mkono wako. Ingekuwapo ningeimwaga mchangani nikamwomba radhi. Iko wapi?"

"Imeenda Nairobi, mama."

Bi Umi alikaa chini, akashika kichwa. Hata hivyo alifanya alichokijua. Alichinjisha mbuzi, akamnywesha Elsie kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, akakichoma chano moto. Harufu ya udi ikatoweka. Mtoto akaanza kucheza tena, na Elsie akalia kwa furaha, akaamini yamekwisha.

Alijifungulia Bura, kwa mama yake, mchana kweupe, mtoto wa kiume aliyenona. Mkunga akakata kitovu. Halikutoka hata tone la damu.

"Mpe titi," mkunga alinong'ona.

Mtoto alilikataa. Macho yangali yamefumba, alinusa, akapapasa kwa midomo juu ya mkono wa mama yake mpaka ndani ya kiwiko, penye alama ya sindano, akaanza kunyonya. Chumba kikajaa udi. Elsie hakuhitaji kutazama, kwani ule mlio aliutambua.